Karatasi Zilizotoka Eastham

Juni 1972, ndani ya selo ya adhabu katika gereza la Eastham, mashariki mwa Texas, mfungwa aitwaye David Ruiz aliandika kwa mkono mashtaka dhidi ya watu walioshika funguo za mlango wake. Alikuwa mzaliwa wa Austin, wa familia yenye asili ya Mexico. Utotoni alipitia shule ya kurekebisha watoto, na ukubwani akahukumiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Wakili hakuwa naye. Aliandika kwamba wafungwa wanapigwa, wagonjwa hawapati tiba ya maana, watu wanafungiwa peke yao kwa muda mrefu, na anayethubutu kupeleka malalamiko mahakamani huandamwa. Karatasi zile zikasafiri mpaka mji wa Tyler, kwenye meza ya jaji wa shirikisho William Wayne Justice.

Safari hiyo ndiyo inayonifanya niirudie habari hii kila mara. Kwa miaka mingi barua ya mfungwa wa Marekani ilikuwa na njia moja: imtoke mwenyewe iende kwa askari, imtoke askari iende kwa bwana jela, na hapo ikome, labda bwana jela mwenyewe apende iendelee. Jimbo la Michigan liliwahi hata kuuandika utaratibu huo uwe kanuni: hati ya mfungwa ya kwenda mahakamani ipite kwanza ofisi ya ustawi ya gereza, kisha ipelekwe kwa mpelelezi wa sheria wa bodi ya parole, naye akiona haina msingi airudishe. Mwaka 1941 Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta kanuni hiyo. Ilisema kwamba kuamua kama hati imeandikwa ipasavyo ni kazi ya mahakama peke yake. Mwaka 1964, katika kesi ya Cooper dhidi ya Pate iliyotoka Illinois, mahakama hiyo iliwaruhusu wafungwa kuwashtaki maofisa wa jimbo kwa kutumia sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1871. Mwaka 1969, katika kesi ya Tennessee, ikasema kwamba gereza lisiloleta msaada mwingine wa kisheria haliwezi kumkataza mfungwa anayejua kuandika kumsaidia mwenzake asiyejua. Mlango, basi, ulikuwa umeshafunguka kidogo kabla Ruiz hajashika kalamu. Lakini Texas ilikuwa na desturi zake.

Gereza la kwanza la jimbo hilo lilifunguliwa mwaka 1849 katika mji wa Huntsville, mwaka mmoja baada ya bunge la jimbo kupitisha sheria ya kulijenga. Kuta zake za matofali mekundu zimelipa jina ambalo watu wanalitumia hadi leo: Kuta. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha na utumwa ukakomeshwa, jimbo lilianza kuwakodisha wafungwa, wengi wao weusi, kwa wenye mashamba ya miwa na pamba, kwa wajenzi wa reli na wachimba mawe. Aliyekodi hakuwa na hasara akifiwa na mtu asiyemnunua. Mwaka 2018 mafundi waliokuwa wakijenga shule katika mji wa Sugar Land waligundua mabaki ya watu 95 wa zama hizo, waliozikwa bila alama. Ukodishaji ulifutwa mwanzoni mwa karne ya 20, na jimbo lenyewe likawa mwenye shamba. Wafungwa walibaki kondeni, wakilima kwa vikosi chini ya askari waliopanda farasi.

Mfumo aliouandikia Ruiz uliitwa Idara ya Marekebisho ya Texas. Juu yake ilikaa bodi ya watu 9 walioteuliwa na gavana. Chini ya bodi alikuwepo mkurugenzi mjini Huntsville, na chini yake wakuu wa magereza, kila mmoja mfalme katika shamba lake. Kuanzia mwaka 1962 hadi 1972 mkurugenzi alikuwa George Beto, mchungaji wa Kilutheri aliyewahi kuongoza chuo cha theolojia. Alikuwa na mazoea ya kuingia magerezani bila taarifa, akitembea korido baada ya korido na kuzungumza na wafungwa, hata wakampa jina la George Mtembezi. Mashamba yalilisha magereza, viwanda vya ndani vilishona sare, na gharama ya kumtunza mfungwa mmoja ilikuwa miongoni mwa za chini kabisa nchini. Wabunge waliipenda hesabu hiyo. Wakuu wa magereza wa majimbo mengine walikwenda kujifunza.

Tatizo la utawala wa namna ile ni kwamba ukaguzi wote ulikuwa miguu ya mtu mmoja. Mfungwa aliyeonewa na mkuu wa gereza angemweleza Beto siku akipita, kama atapita, mbele ya wale wale atakaobaki nao jioni. Ofisi iliyopewa kazi ya kupokea lalamiko dhidi ya askari, kulifungulia jalada na kulichunguza bila kumwogopa mkuu wa gereza, haikuwepo. Na Beto mwenyewe, pamoja na kutembea kwake kote, hakuvumilia macho ya nje. Mwaka 1971 alimzuia Frances Jalet, wakili mwanamke aliyekuwa akiwasaidia wafungwa kuandika hati zao, asionane na wateja wake. Baadaye wateja hao wakakusanywa katika gereza la Wynne na kutiwa kikosi kimoja cha jembe, wakitengwa na wenzao. Mmoja wao, Fred Cruz, mfungwa aliyefuata dini ya Buddha, alishtaki kwa kunyimwa haki ya ibada, na mwaka 1972 Mahakama ya Juu iliamua kwamba malalamiko yake yastahili kusikilizwa. Katika kesi nyingine iliyokatiwa rufaa mwaka 1971 yanaonekana maisha ya selo ya adhabu ya Texas: giza tupu, vipande viwili vya mkate kwa siku, maji bila kipimo, na mlo kamili mmoja kila baada ya saa 72.

Sasa nije kwa nyapara. Waswahili waliopita jela, na hata wasiopita, wanalijua neno hili: mfungwa aliyepewa cheo cha kuwasimamia wafungwa wenzake. Texas ilikuwa na manyapara wa kila bweni, waliochaguliwa na uongozi kwa nguvu zao na utii wao. Walihesabu watu, walisambaza kazi, walikata ugomvi, walipiga, na katika sehemu nyingine walishika funguo za milango ya ndani. Walilipwa kwa raha ndogo ndogo, kama milango ya selo zao kuachwa wazi, chakula kizuri zaidi na ruhusa ya kutembea. Mwaka 1973 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuwakataza wafungwa kuwa na mamlaka ya kiutawala juu ya wenzao. Idara ikawabadilishia majina, kazi ikaendelea.

Ni makosa kumwona nyapara kuwa kiboko tu. Kazi yake kubwa ilikuwa kujua. Nani ana kisu, nani anadaiwa, nani anapanga kutoroka, nani usiku anaandika barua kwa jaji: habari hizi zilikwenda kwa askari kupitia yeye, na askari wakazifanyia kazi bila kuandika mstari. Kwa hiyo upelelezi ulikuwepo, tena wa hali ya juu. Ila ulitazama upande mmoja. Jicho la nyapara lilimwona mfungwa usiku na mchana, wala halikuwahi kumgeukia askari, kwa sababu raha zake zote zilitoka kwa huyo huyo.

Jaji Justice alizisoma karatasi za Ruiz. Mwaka 1974 aliziunganisha na hati za wafungwa wengine 7 zikawa kesi moja ya pamoja kwa niaba ya wafungwa wote wa Texas. Akamteua wakili William Bennett Turner wa San Francisco kuwatetea, na Wizara ya Sheria ya Marekani ikaingia upande wao. Beto alikuwa ameshastaafu, ndiyo maana kesi ikabeba jina la mrithi wake, W. J. Estelle: Ruiz dhidi ya Estelle. Usikilizaji ulianza Houston mwezi Oktoba 1978 ukaisha Septemba 1979, siku 159 za kukaa mahakamani, mashahidi 349. Ulikuwa miongoni mwa mashauri marefu kabisa ya magereza katika historia ya nchi hiyo.

Hukumu ilitolewa Desemba 1980. Jaji alikuta selo zilizojengwa kwa mtu mmoja zikikaliwa na wawili, na mahali pengine watatu, wa tatu akilala sakafuni. Alikuta wafungwa wasio na mafunzo wakifanya kazi za uuguzi na zaidi ya uuguzi. Alikuta manyapara, askari wachache mno, na adhabu zinazotolewa bila ushahidi kupimwa. Lakini sehemu inayonikaa moyoni ni ile ya malalamiko. Utaratibu wa malalamiko ulikuwepo kwenye karatasi, na wafungwa hawakuuamini kwa sababu uliishia mikononi mwa watu waliolalamikiwa. Kipigo ambacho hakijaandikwa popote hakina tarehe, hakina shahidi, hakina daktari aliyepima majeraha. Akiulizwa, mkuu wa gereza anaweza kusema kwa dhati kabisa kwamba faili lake halina kitu.

Jaji hakuamini kwamba amri peke yake itatosha. Mwaka 1981 alimteua Vincent Nathan, mwanasheria wa Toledo, Ohio, awe msimamizi maalumu wa mahakama, jicho lake ndani ya magereza. Nathan na wasaidizi wake walipewa mamlaka ambayo hakuna mtu wa nje aliyewahi kuwa nayo Texas: kuingia gereza lolote, kufungua faili lolote, kuzungumza na mfungwa faragha bila askari kusikia. Gharama zao zilibebwa na jimbo lenyewe, jambo lililowachoma sana wakubwa wa Huntsville. Katika mwaka wa kwanza waliwageukia manyapara. Idara ilikana kwamba wapo. Wasaidizi wa Nathan walikusanya maelezo gereza kwa gereza, yakapelekwa kwa jaji, na mwaka 1982, ushahidi ukiwa umeanza kusikilizwa, jimbo likakubali kuwaondoa manyapara kwa makubaliano yaliyosajiliwa mahakamani.

Kilichofuata kinaumiza kukisimulia, na mtu anayependa mageuzi asikiruke. Manyapara waliondoka haraka kuliko askari wapya walivyoajiriwa na kufundishwa. Uongozi ulipoteza mikono na masikio yake kwa mkupuo. Askari waliozoea kuletewa habari sasa walisimama kwenye korido wasijue kinachopangwa mita 10 mbele yao. Magenge yakaijaza nafasi ile, na katika miaka miwili ya 1984 na 1985 wafungwa 52 waliuawa na wafungwa wenzao katika magereza ya Texas. Estelle alikuwa ameshajiuzulu mwaka 1983. Wapo waliosema, na wapo wanaosema hadi leo, kwamba damu ile ni ya jaji. Sikubaliani nao. Jimbo lilikuwa limekwepa kwa miaka mingi kulipa mishahara ya askari wa kutosha kwa kuwa nyapara alifanya kazi hiyo bure, na deni la namna hiyo likidaiwa, hudaiwa lote kwa siku moja.

Ni katika miaka hiyo ya 1980 ndipo ofisi za upelelezi tunazozijua leo zilipochukua sura. Kwanza ilikuwa kitengo cha mambo ya ndani, kilichowachunguza askari wanaotumia nguvu kupita kiasi. Sheria ya mchezo ilibadilika kwa jambo dogo linaloonekana la kiofisi tu: kila matumizi ya nguvu lazima yaandikwe. Nani alimshika mfungwa, kwa amri ya nani, mashahidi ni akina nani, muuguzi aliona nini, picha za majeraha ziko wapi. Nguvu ikiwa imepangwa mapema, kama kumtoa kwenye selo mtu aliyegoma, lazima kamera iwepo. Askari wakongwe waliona ni matusi kwa heshima yao. Mwanasosholojia James Marquart, aliyefanya kazi ya uaskari katika gereza mojawapo huku akifanya utafiti wake, ameeleza jinsi kipigo kilivyokuwa na ngazi zake na kanuni zake zisizoandikwa, wazee wakiwarithisha vijana. Fomu ya matumizi ya nguvu iliingilia urithi huo, kwa sababu mzee na kijana sasa walitakiwa kutia saini maelezo tofauti, kila mmoja yake.

Pembeni ya kitengo hicho, mwaka 1984, kilianzishwa kikosi maalumu cha waendesha mashtaka chenye makao Huntsville. Sababu yake ni ya kifedha na ya kibinadamu pamoja. Magereza mengi ya Texas yako katika wilaya ndogo za vijijini, zenye mwendesha mashtaka mmoja na bajeti finyu, na baraza la wazee wa mahakama linatoka kwenye familia ambazo baba au shangazi ni askari wa gereza hilo hilo. Mauaji yakitokea ndani ya kuta, wilaya haina pesa ya kuendesha kesi. Askari akituhumiwa, wilaya haina moyo. Kikosi cha jimbo kilikuja kubeba mzigo huo.

Mwaka 1989 idara ya zamani iliunganishwa na shughuli za parole na za uangalizi wa wahalifu walio nje, ikazaliwa Idara ya Haki ya Jinai ya Texas. Bodi ilibaki ya watu 9. Baadaye kitengo cha mambo ya ndani kiligeuzwa kuwa Ofisi ya Mkaguzi Mkuu. Hapa msomaji aangalie mstari wa utii, maana ndio kiini cha yote: Mkaguzi Mkuu hamtumikii mkurugenzi wa magereza, anawajibika kwa bodi. Wapelelezi wake ni maofisa wa polisi wenye mamlaka ya kukamata. Wanachunguza mauaji, udhalilishaji wa kijinsia, dawa za kulevya na simu zinazoingizwa na askari kwa malipo.

Kazi yao ina ugumu ambao watu wa nje huwa hawauoni. Mwaka 1967, katika kesi ya Garrity dhidi ya New Jersey, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtumishi wa serikali akilazimishwa kujieleza kwa kutishiwa kufukuzwa, maneno yake hayawezi kutumika kumfunga. Mpelelezi wa gereza, basi, anatakiwa ajue tangu mwanzo anatafuta nini. Akitaka askari afukuzwe, anaweza kumlazimisha aseme. Akitaka askari ashtakiwe, itabidi amwache anyamaze kama raia yeyote. Kwa tukio moja hufunguliwa majalada mawili, la kiutawala na la jinai, na yasipotenganishwa kwa uangalifu la kwanza huliua la pili.

Na mfungwa mwenyewe? Leo karatasi yake ina namba. Akiwa na ombi la kawaida huandika kwenye fomu I-60. Akiwa na lalamiko hujaza I-127, hatua ya kwanza, ndani ya siku 15 tangu tukio. Linapokelewa na mpelelezi wa malalamiko wa gereza hilo, linapewa namba, linachunguzwa, na jibu hutiwa saini na uongozi wa gereza. Lalamiko la kupigwa na askari hupelekwa kwa Mkaguzi Mkuu. Asiyeridhika na jibu hujaza I-128, hatua ya pili, ndani ya siku nyingine 15, nayo huenda ofisi kuu. Ndugu walio nje wana ofisi yao ya kupokea kero, na tangu mwaka 2007 kuna msuluhishi wa pekee wa mashauri ya udhalilishaji wa kijinsia, naye yuko chini ya bodi.

Nimeuangalia mpangilio huo kwa muda mrefu na siudharau. Mtu aliyewahi kusoma maisha ya mwaka 1972 hawezi kuudharau. Lakini mwaka 1996 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kupunguza kesi za wafungwa, inayosema kwamba mfungwa haruhusiwi kwenda mahakama ya shirikisho kabla hajamaliza hatua zote za malalamiko za gereza lake. Mwaka 2006, katika kesi iliyotoka California, Mahakama ya Juu ilifafanua kwamba kumaliza maana yake ni kumaliza kwa kufuata kila sharti, pamoja na siku za mwisho. Mfungwa aliyevunjwa mkono wa kuandikia na akachelewa kupeleka fomu yake anaweza kuambiwa kwamba lango la kwanza limefungwa. Fomu iliyobuniwa ili sauti yake ifike imekuwa pia kigezo cha kuikataa. Hilo linanisumbua, kwa sababu linaturudisha karibu na ile kanuni ya Michigan iliyofutwa mwaka 1941, ambapo karatasi ya mfungwa ilipimwa kwanza na watu wa gereza kabla jaji hajaiona.

Kesi ya Ruiz yenyewe iliendelea kwa miaka 30. Mwishoni mwa mwaka 1986 jaji alilikuta jimbo na hatia ya kudharau amri zake, akatishia kulitoza faini zinazofikia dola 800,000 kwa siku. Idadi ya wafungwa, waliokuwa wapatao 16,000 hati ya kwanza ilipoandikwa, ilikaribia 150,000 kufikia mwaka 2000, katika magereza zaidi ya 100. Usimamizi wa mahakama uliondolewa Juni 2002.

Ruiz aliwahi kutoka kwa parole katikati ya miaka hiyo, akakamatwa tena kwa unyang'anyi, akahukumiwa kifungo cha maisha. Aliendelea kuandika. Alifariki Novemba 2005, akiwa na umri wa miaka 63, katika hospitali ya magereza mjini Galveston, bado akiwa mfungwa wa Texas.